Jeraha la ubongo lisiloonekana: Askari wafundishwa upya kusimama

USIKU wa kuamkia Januari 8, 2020, Iran ilivurumisha makombora zaidi ya 10 katika kambi ya Ain al-Asad, magharibi mwa Iraq, walikokuwamo wanajeshi wa Marekani. Kulipokucha, Rais Donald Trump alilitangazia taifa lake kuwa hakuna Mmarekani aliyedhurika.

Hata hivyo, siku chache baadaye walianza kujitokeza askari wenye maumivu ya kichwa na kizunguzungu. Kufikia Februari mwaka huo, Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikiri kuwa zaidi ya 100 walikuwa wamepata majeraha madogo ya ubongo.

Neno 'madogo' ndilo linalopotosha. Madaktari huliita jeraha dogo iwapo mtu alipoteza fahamu kwa muda usiozidi dakika 30, kumbukumbu zake zilivurugika kwa muda usiozidi saa 24, na picha za kichwa hazionyeshi kasoro. Vigezo hivyo vinahusu namna kishindo kilivyompata, wala havisemi lolote juu ya mateso yatakayofuata.

Wimbi la mlipuko si lazima livunje fuvu. Ubongo hutikisika, shingo huumia, na sikio la ndani, ambalo huusaidia mwili usipepesuke, huathirika. Ndipo askari anayeonekana mzima kabisa anapoona chumba kikizunguka kila anapojigeuza kitandani, au maandishi yakicheza machoni anaposoma huku akitembea.

Hapo ndipo inapoingia fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na mazoezi. Kazi ya kwanza ya mtaalamu ni kutafuta chanzo, kwa kuwa kizunguzungu kinaweza kutoka sikioni, shingoni au katika namna macho yanavyoshirikiana na kichwa.

Ikiwa ni chembe ndogo za chokaa zilizobanduka ndani ya sikio, mgonjwa hulazwa na kichwa chake kugeuzwa kwa hatua hadi zirejee mahali pake. Wapo wanaopata nafuu siku hiyo hiyo. Ikiwa tatizo ni macho, mgonjwa hukazia herufi moja ukutani huku akigeuza kichwa kushoto na kulia, mara kadhaa kwa siku. Zoezi hilo huweza kumzidishia kichefuchefu mwanzoni, jambo linalowakatisha tamaa baadhi yao.

Aidha, ushauri wa zamani wa kumfungia majeruhi katika chumba chenye giza kwa siku nyingi umeachwa. Sasa hupumzishwa siku moja au mbili, kisha huanza kutembea au kuendesha baiskeli ya mazoezi, kasi ikiongezwa kadiri dalili zinavyoruhusu.

Lakini tiba humfikia anayesema. Askari wengi hunyamaza wakihofia kutengwa na kikosi au kuonekana wategeaji, na hofu hiyo haikuzuka jana: katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, baadhi ya wenye dalili kama hizi walihesabiwa kuwa waoga.

Kwa askari wa Ain al-Asad, 29 waliidhinishiwa mwaka 2020 medali ya Purple Heart, wanayopewa Wamarekani waliojeruhiwa vitani. Wengine 39 walisubiri hadi Desemba 2021.