Sigara Moja Moja Huumiza Moyo

Wewe mkulima wa skimu, yawezekana huja Nairobi mara kwa mara na magunia yako ya viazi au kabichi. Ukisha kuuza katika soko la Muthurwa, wakwenda kulala kwa ndugu yako Kaloleni, Bahati au Jericho. Katika vibanda vya mitaa hiyo sigara huuzwa moja moja. Wanunua moja jioni na moja asubuhi, nawe wasema, "Mimi si mvutaji hasa." Jambo hili lafaa kufikiriwa vizuri.

Watu wengi hudhani kwamba mwenye kuvuta sigara moja kwa siku hupata sehemu ndogo sana ya madhara ya mwenye kuvuta ishirini. Kwa moyo sivyo. Mwaka 2018 wataalamu wa London walitangaza matokeo ya uchunguzi mwingi waliokuwa wameukusanya. Walionyesha kwamba sigara moja kwa siku huleta karibu nusu ya hatari ya ugonjwa wa moyo inayoletwa na sigara ishirini.

Sababu ni hizi:

1. Nikotini iliyomo katika tumbaku huuharakisha moyo na kupandisha nguvu ya damu.

2. Moshi una hewa ya sumu, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa hii hushika mahali pa hewa safi katika damu, na moyo hufanya kazi ukiwa na njaa.

3. Moshi hukwaruza ngozi ya ndani ya mishipa ya damu. Mafuta hujikusanya hapo, kama matope yanavyojaa katika mfereji wa shamba. Damu ikigandia mahali palipozibika, sehemu ya moyo hufa.

Kumbuka pia wenyeji wako. Ukivuta ndani ya nyumba ya chumba kimoja, mama na watoto huvuta moshi wako, na mioyo yao huumia.

Tena, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuuza sigara katika pakiti yenye chini ya kumi, na inakataza kumwuzia mtoto wa chini ya miaka 18. Basi usimtume mtoto kibandani.

FAIDA YA KUACHA

Moyo huanza kupata nafuu upesi. Baada ya dakika 20 mapigo yake hupungua. Baada ya siku moja ile hewa ya sumu imekwisha kutoka katika damu. Baada ya mwaka mmoja hatari iliyoongezwa na sigara imebaki nusu. Baada ya miaka 15 hatari yako ya ugonjwa wa moyo yakaribia ile ya mtu asiyevuta kamwe.

Usiseme umezeeka mno. Richard Doll na wenzake waliwachunguza madaktari wa Uingereza tangu mwaka 1951 kwa muda wa miaka 50. Walioacha wakiwa na miaka 40 waliongeza kama miaka 9 ya kuishi. Wa miaka 50 waliongeza 6. Na wa miaka 60 waliongeza 3.

NAMNA YA KUACHA

Chagua siku, uwaambie mkeo na ndugu yako wa mjini. Acha kabisa, kupunguza tu hakutoshi. Usiende kwenye ugoro, maana nao una nikotini. Hamu ikija, kunywa maji, tafuna karanga, au tembea. Hupita baada ya dakika chache. Siku za kwanza utakuwa na hasira na usingizi mchache, lakini taabu hiyo hupungua baada ya majuma machache. Ukishindwa, mwone mganga katika zahanati, kwa kuwa dawa za kusaidia zipo. Waweza pia kupiga simu ya NACADA, namba 1192, bila malipo.

Ukisikia kifua kinabana na maumivu yanakwenda mkononi au tayani, usingoje kesho. Nenda hospitali mara moja.

Safari ijayo ya Muthurwa, ipite sigara ya kibandani, na fedha yake uipeleke nyumbani.