PESA ZA MICHEZO KATIKA VYUO VIDOGO VYA MAREKANI

Mwaka huu sikutaka kuandika juu ya ngano wala vitendawili, maana wenzangu wamevichambua vya kutosha katika kurasa zilizotangulia. Nimechagua mambo ya pesa, na pesa zenyewe si zetu. Ni za vyuo vidogo vya Marekani na timu zao za michezo. Huenda ukauliza, ya ng'ambo yanatuhusu nini sisi ambao hata basi la kutupeleka mashindano ya kaunti hulikodi kwa vuta nikuvute? Yanatuhusu sana. Katika kila bweni la shule hii hakosekani mkimbiaji anayeamini kwamba ukishaweza kukimbia mita elfu kumi bila kushika kiuno, basi Mmarekani atakulipia karo, chakula, vitabu na tikiti ya ndege, kisha akushukuru juu yake. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ni nusu ya ukweli.

Nusu hiyo tunaijua. Mike Boit, aliyetuletea nishani ya shaba ya mita 800 kutoka Olimpiki ya Munich mwaka wa 1972, alisomea Eastern New Mexico University, chuo kisicho kikubwa kilichoko katika mji mdogo wa Portales. Baadaye alijipatia shahada ya udaktari na kurudi nyumbani kufundisha katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Henry Rono naye alikuwa mwanafunzi wa Washington State University mwaka wa 1978 alipovunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81. Hadithi hizi tumelishwa tangu shule ya msingi. Ambacho hatuambiwi ni hiki: zile pesa za kumsomesha mkimbiaji hutoka mfukoni mwa nani?

Tuanze na mpangilio wao. Michezo mingi ya vyuo nchini Marekani husimamiwa na shirika liitwalo NCAA, ambalo lilianzishwa mwaka wa 1906 baada ya vijana kuumia na hata kufa katika kandanda yao. (Kandanda ya Kimarekani si hii yetu, inakaribia raga, ila wachezaji huvaa kofia ngumu na kujazwa mito mabegani.) Tangu mwaka wa 1973 shirika hilo limevigawa vyuo katika divisheni tatu. Divisheni ya Kwanza ndiyo ya wakubwa, wale tunaowaona kwenye runinga. Divisheni ya Pili hutoa ufadhili kwa kipimo. Kwa mfano, timu nzima ya riadha ya wanaume, pamoja na mbio za nyika, imewekewa kikomo cha ufadhili 12.6. Usishangae hiyo nukta sita. Kocha anaruhusiwa kuukata ufadhili vipande vipande kama mkate, huyu apate robo, yule nusu, na mwingine apate vitabu tu. Divisheni ya Tatu ndiyo yenye vyuo vingi zaidi, kupita 400, na huko ufadhili wa michezo ni marufuku kabisa. Uwe na mbio za swara, uwe na mbio za kobe, karo ni karo. Chuo kinaweza kukupunguzia kwa sababu ya alama zako za darasani au kwa sababu ya umaskini wa kwenu, lakini kwa sababu ya miguu yako, la hasha!

Sasa tuje kwenye hesabu. Chuo kikubwa cha Divisheni ya Kwanza kina pesa za runinga, viingilio vya uwanjani na matajiri waliosomea hapo. Tangu mwaka wa 2025, kufuatia kesi iliyoamuliwa mahakamani, vyuo kama hivyo vinaruhusiwa hata kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Chuo kidogo hakina runinga inayokibishia hodi. Viingilio vya mechi moja pengine havitoshi kununua mafuta ya mabasi. Na gharama haziogopi udogo wa chuo: timu moja ya kandanda inaweza kuwa na wachezaji mia moja, kila mmoja na kofia yake na mavazi yake, tena kuna makocha, daktari, bima, malazi ya safarini. Isitoshe, sheria ya mwaka wa 1972 iitwayo Title IX inavitaka vyuo vinavyopokea pesa za serikali kuu viwape wasichana nafasi sawa na wavulana, hata michezoni. Sheria njema sana hiyo, na dada zetu wa timu ya magongo wangeifurahia.

Pengo hilo huzibwa vipi? Njia ya kwanza ni kumtoza kila mwanafunzi ada ya michezo, hata yule ambaye hajawahi kuukanyaga uwanja. Hili halitushangazi sisi. Njia ya pili ilinifanya niache kusoma nikamtafuta mwalimu wa michezo nimuulize kama ni kweli: chuo kidogo hulipwa kwenda kupigwa.

Ndiyo, kulipwa kwenda kupigwa. Chuo kikubwa kinataka mechi rahisi ya kufungulia msimu mbele ya mashabiki wake, basi kinakialika chuo kidogo na kukitolea hundi nono. Savannah State University, chuo cha umma katika jimbo la Georgia kilichoanzishwa mwaka wa 1890 kwa ajili ya Wamarekani weusi, kilikubali mialiko miwili ya namna hiyo mwaka wa 2012. Tarehe 1 Septemba kilikwenda kwa Oklahoma State kikafungwa 84 kwa 0. Juma moja baadaye kilikwenda kwa Florida State, na mechi ikakatizwa katika robo ya tatu kwa sababu ya radi, matokeo yakiwa 55 kwa 0. Jumla ya malipo ya safari hizo mbili ilikuwa dola 860,000. Hebu fikiria vijana wale ndani ya basi au ndege wakirudi nyumbani! Wamefungwa pointi 139 bila jibu, lakini wameleta pesa ambazo timu ya tenisi na ya voliboli zitazitumia mwaka mzima.

Watu wengi walikicheka chuo kile. Mimi sikuweza kucheka. Mgala muue na haki mpe: Savannah State hakikuwa na njia nyingi. Kilikuwa kimepanda hadi Divisheni ya Kwanza na kukuta kwamba bei ya kukaa kule juu ni kubwa kuliko mfuko wake. Mwaka wa 2017 wakuu wake walitangaza kwamba watashuka hadi Divisheni ya Pili, na mwaka wa 2019 wakashuka. Kushuka ngazi kwa hiari ni jambo gumu kwa mtu yeyote, seuze kwa chuo chenye mashabiki na wahitimu wenye midomo. Naona ulikuwa uamuzi wa busara kuliko ule wa kupanda.

Isidhaniwe kwamba aliyealikwa kupigwa lazima apigwe. Tarehe 1 Septemba 2007, Michigan, timu iliyoorodheshwa ya tano nchini, iliwalipa Appalachian State dola 400,000 waje kufungua msimu, na wageni hao wakaondoka na hundi pamoja na ushindi wa 34 kwa 32.

Njia ya tatu ni ya werevu zaidi, na ndiyo inayotugusa sisi. Chuo cha Adrian, katika jimbo la Michigan, kilikuwa kimebakiwa na wanafunzi wapatao 840 mwaka wa 2005. Kilikuwa kinakauka kama mto wa msimu. Rais wake mpya, Jeffrey Docking, badala ya kupunguza michezo akaiongeza: akajenga viwanja, akaanzisha timu mpya, na kila kocha akapewa idadi ya wanafunzi anaopaswa kuleta. Baada ya miaka michache wanafunzi walikuwa wamekaribia maradufu. Na Adrian ni chuo cha Divisheni ya Tatu, kwa hivyo hakimpi mtu yeyote senti ya ufadhili wa michezo!

Siri yake ni nini? Chukua kalamu. Tuseme karo ya chuo fulani ni dola 40,000 kwa mwaka, na kila mwanafunzi anapunguziwa nusu. Anabaki kulipa 20,000. Kocha akileta vijana mia moja ambao vinginevyo hawangekuja, chuo kimeingiza dola milioni mbili. Ondoa mishahara ya makocha, mabasi na mipira, bado kinabaki kitu. Kwa hivyo katika chuo kama hicho mchezaji ndiye mlipaji. Kocha hutafuta vipaji, kweli, lakini pia ni mwuzaji, na bidhaa anayouza ni nafasi ya kuvaa jezi.

Nilipolielewa hilo ndipo nilipoielewa barua pepe aliyoipata rafiki yangu wa Kidato cha Nne, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa hataki utani wa bwenini. Kocha wa chuo kimoja kidogo alimwandikia kwa maneno matamu: kwamba ameona muda wake wa mbio, kwamba timu inamhitaji, kwamba nafasi yake iko tayari. Barua ikasomwa bweni zima na mwenzetu akaanza kuitwa "Mmarekani". Chini kabisa, kwa mistari miwili, ilisema kwamba chuo kitampunguzia sehemu ya karo na kwamba kilichobaki atakilipa mwenyewe. Yeye alidhani hiyo ni desturi tu ya kuandika. Baba yake, ambaye ni mkulima wa chai, alikuwa tayari kuuza kipande cha shamba kwa ajili ya nauli.

Tulikaa naye mimi na mwalimu wa michezo tukapiga hesabu upya. Kwanza, ubalozi hutaka kuona ushahidi kwamba pesa za mwaka wa kwanza zipo kabla ya kumpa mwanafunzi viza. Pili, kazi anayoruhusiwa kufanya mwanafunzi mgeni ni ya hapo chuoni, isiyozidi saa ishirini kwa juma wakati wa masomo, kwa hivyo hadithi ya "nitajilipia nikifika" haina miguu. Tatu, punguzo hilo si lazima liwe la miaka minne. Kipande cha shamba kingeisha kabla ya muhula wa pili, na bado ingebaki miaka mitatu na ushei.

Kuna vyuo vilivyotazama hesabu hizi vikaamua kuachana nazo. Spelman, chuo cha wanawake weusi mjini Atlanta, kilitangaza mwaka wa 2012 kwamba kinajitoa kwenye mashindano ya NCAA. Kilikuwa kikitumia karibu dola milioni moja kwa mwaka juu ya wanamichezo wapatao 80, ilhali kilikuwa na wanafunzi wapatao 2,100. Rais wake, Beverly Daniel Tatum, alikuwa na wasiwasi juu ya kisukari na shinikizo la damu miongoni mwa wanawake weusi, basi akataka pesa zile zielekezwe kwenye mazoezi ya wanafunzi wote. Wale 80 bila shaka walisikitika, na ningekuwa mmoja wao ningelia. Hata hivyo nilipohesabu wanaochezea timu za shule yetu, nikahesabu na wanaokaa chini ya mwembe wakati wa michezo, nilimwelewa huyo mama. Na Chuo cha Paul Quinn cha Dallas kiliacha kandanda mwaka wa 2007, na mwaka wa 2010 uwanja wenyewe ukageuzwa shamba la mboga. Wenzetu wa somo la kilimo, mmesikia?

Michezo pia haitoshi kukiokoa chuo ambacho mfuko wake umetoboka. Birmingham-Southern, chuo cha Alabama kilichoanzishwa mwaka wa 1856, kilihama kutoka Divisheni ya Kwanza hadi ya Tatu mwaka wa 2006, kisha kikaanzisha kandanda mwaka wa 2007 kikitumaini kuvuta wanafunzi. Haikusaidia vya kutosha. Madeni na makosa ya fedha ya miaka mingi yalikilemea, mkopo kiliouomba kwa serikali ya jimbo haukutoka, na ikatangazwa kwamba kitafungwa tarehe 31 Mei 2024. Timu yake ya besiboli wakati huo ilikuwa imefuzu kucheza fainali za kitaifa za Divisheni ya Tatu huko Ohio. Mechi yao ya kwanza ilichezwa siku ile ile chuo kilipofungwa. Wakashindwa, wakashinda ya pili, na tarehe 2 Juni wakatolewa kwa 11 kwa 10, wakiwa wamevaa jezi za chuo ambacho hakipo. Wale waliokuwa hawajamaliza masomo walilazimika kutafuta vyuo vingine.

Nilimsomea rafiki yangu kisa hicho usiku, taa zikiwa karibu kuzimwa, akanyamaza kwa muda mrefu. Kesho yake tulimwandikia kocha pamoja na mwalimu. Tuliuliza chuo kiko divisheni gani. Punguzo ni la miaka mingapi. Nikiumia mguu litaendelea ama litakatwa. Na baada ya punguzo, ni dola ngapi kamili ambazo mzazi atalipa kila mwaka, pamoja na chakula na malazi. Swali la tano aliliongeza mwenyewe, kwamba chuo kina wanafunzi wangapi leo na miaka mitano iliyopita kilikuwa na wangapi. Baba yake amekubali kulisitisha jambo la shamba hadi majibu yaje. Gazeti hili linapokwenda mitamboni kocha amejibu maswali mawili, la divisheni na la mguu. Divisheni ni ya Tatu. Mguu, amesema, hauhusiani na punguzo. Tunangoja mengine.