Je, Wajua? Daraja Lililopanda na Kushuka na Bamvua

Sogea kidogo tukae, leo nina mambo ya madaraja.

Je, wajua kwamba daraja la kwanza la Nyali, Mombasa, lilikuwa linaelea? Naam, linaelea! Kuanzia 1931 magari yalivuka hori la Tudor juu ya maboya makubwa yaliyofungwa pamoja, na chini yake maji matupu.

Sasa piga hesabu. Pwani yetu, siku za bamvua, maji kujaa na kupwa hupishana kwa zaidi ya meta 3. Kwa hiyo asubuhi ulivukia juu, na saa 6 baadaye ukarudi nyumbani kwa daraja lile lile, ila limeshuka kimo cha mlango wa nyumba na zaidi!

Mzee huyo aliyeelea alidumu karibu miaka 50. Mwaka 1980 akapokewa na daraja la zege, meta 390 hivi, ambalo bamvua hupita chini yake bila kulisumbua.

Ukadhani Mombasa imeachana na kuelea? Wapi! Mwaka 2021, miaka 90 baada ya lile la Nyali, likaja daraja la Liwatoni la waenda kwa miguu, nalo lilielea. Hili lilikuwa na sehemu ya katikati inayofunguka ili meli zipite.

Na kabla ya madaraja? Pale Mtwapa ulivushwa kwa wimbo. Wavushaji waliivuta feri kwa mikono, hatua kwa hatua, huku wakiimba na kupuliza kome la baharini. Wageni walikuwa wakienda kuwatazama tu, na mimi nisingewalaumu.

Haya, tuteremke Dar es Salaam. Salenda unaipita kila siku, lakini je, wajua Salenda ni mtu? Ni John Einar Selander, mkurugenzi wa kwanza wa kazi za umma wa Tanganyika enzi za Waingereza, na daraja la kwanza pale lilijengwa 1929. Sisi tulilichukua jina lake tukalilainisha hadi likawa la kwetu.

Mto unaopita pale chini ni Msimbazi, ule ule unaoanzia vilima vya Pugu na kutufungia barabara Jangwani kila masika. 

Magari yalipozidi, Salenda akaletewa msaidizi. Daraja la Tanzanite, kilometa 1.03, liliruhusu magari tarehe 1 Februari 2022 na kuzinduliwa rasmi tarehe 24 Machi. Ajabu yake ni kwamba halikujengwa juu ya lile la zamani: limezunguka mbele, baharini kabisa, likapita mdomoni mwa hori. Mzee naye hakustaafu, yuko kazini mpaka leo na foleni yake.

Unajua nini huzeesha daraja la baharini? Ukasema malori, umekosa. Ni chumvi! Hupenya polepole ndani ya zege mpaka ifikie nondo, nondo zikaanza kushika kutu. Kutu hiyo huweza kujaza nafasi mara 6 ya chuma kilicholiwa, na zege likapasuka kutoka ndani kwenda nje. Ukiona nguzo ya daraja ina ufa mrefu wenye michirizi ya rangi ya kahawia, ujue nondo inalalamika.

Na hili je? Zege halikauki. Watu husema limekauka, lakini kwa kweli saruji huyashika maji na kugeuka jiwe pamoja nayo. Ndiyo maana fundi hulimwagilia maji zege lililokwisha kushika, na mpita njia akadhani amechanganyikiwa.

Kwa sababu hiyo hiyo zege huweza kumwagwa chini ya maji likagandia huko huko! Bomba hushushwa mpaka chini kabisa ya shimo la nguzo, zege likaanza kujaza kutoka chini kwenda juu huku likiyasukuma maji yatoke. Mdomo wa bomba haupaswi kuchomoka ndani ya zege hata mara moja. Ukichomoka, maji huingia na kazi imeharibika. Wahandisi hupima nguvu za zege siku ya 28, ingawa lenyewe huendelea kukomaa miaka na miaka.

Daraja jipya lazima lijengwe pembeni na kubaki huko? La hasha. Kule Marekani, kwenye mto Ohio kati ya miji ya Milton na Madison, walijenga daraja la chuma la meta 740 kandokando ya njia ya lile kuukuu. Kisha Aprili 2014 wakalisukuma zima zima, meta 17 hivi, mpaka likakaa juu ya nguzo za zamani zilizoimarishwa. Hebu fikiria: daraja zima linatelezeshwa kama kabati sebuleni!

La zamani nalo si lazima litupwe. London waliuza daraja lao la 1831 mwaka 1968, kwa dola 2,460,000! Mnunuzi alikuwa tajiri Mmarekani, Robert McCulloch. Mawe ya nje yakapewa namba moja moja, yakasafirishwa mpaka Arizona na kupangwa upya.

Subiri, bado utamu wake. Kule Arizona lilijengwa juu ya nchi kavu, ndipo mfereji ukachimbwa chini yake na maji yakaletwa. Daraja kwanza, maji baadaye!

Mombasa tena, haraka haraka. Pale Makupa bahari ilikuwa imezibwa kwa tuta la barabara kwa miongo mingi. Mwaka 2022 likafunguliwa daraja la meta 457, na tuta likaondolewa. Maji ya upande huu na upande ule yakasalimiana.

Hata neno lenyewe lina vituko. Kwa Kiarabu, daraja ni ngazi au cheo, si daraja la kuvukia. Sisi tumelibebesha neno hilo maana zote mbili, ndiyo maana mtu anaweza kupata daraja la kwanza shuleni na kuvuka daraja jioni. Gogo lililolazwa juu ya kijito ili watu wapite, wazee waliliita ulalo.

La mwisho, nikuachie. Zege hutanuka kwa joto. Daraja la kilometa 1 likipata joto nyuzi 10 zaidi, hurefuka kwa takriban sentimeta 10, yaani upana wa kiganja chako! Ndiyo maana huachiwa mapengo ya kupumulia. Kesho ukivuka Tanzanite fungua kioo na usikilize tairi: ile "ta-tam" unayoisikia ndiyo yenyewe.