Shule ya Mwanao Ilitoka Wapi?

Mama mwenzangu, je, unaijua historia ya shule anayosoma mwanao? Wengi wetu hapa Kigoma na Ujiji tunaona shule ya msingi karibu na nyumba, na sekondari ya kata mbele kidogo, tukadhani zimekuwepo siku zote. Sivyo. Mlango anaoingia mtoto wako kila asubuhi ulifunguliwa polepole, kizazi kwa kizazi. Ukijua ulivyofunguliwa, hutakubali autoke kabla ya wakati.

Chuo na misheni

Watoto wa kwanza wa Ujiji kujifunza herufi walijifunza chuoni, kwa mwalimu wa Kurani. Wamisionari wa London Missionary Society walifika Ujiji mwaka 1878, na Mapadre Weupe wakafika mwaka 1879. Tangu hapo misheni na kusoma vilikwenda pamoja. Reli nayo ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini kwa miaka mingi ya ukoloni mkoa wetu ulijulikana kwa kutoa manamba wa mashamba ya mkonge, si kwa kutoa wasomi.

Shule za wote

Baada ya uhuru, Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliweka shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku chini ya serikali. Mtoto wa Kikristo na wa Kiislamu wakakaa dawati moja. Kwa mji kama wetu, ambao msikiti na kanisa ni majirani, hilo si jambo dogo.

Novemba 1974, mkutano wa TANU uliofanyika Musoma uliamua kuwa ifikapo 1977 kila mtoto aingie shule ya msingi. Hiyo ndiyo UPE. Walimu hawakutosha, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba na kufundishwa kazi haraka. Watu waliwatania kwa kusema UPE ni "Ualimu Pasipo Elimu." Hata hivyo, mama wengi wa rika langu walijua kusoma kwa mikono ya walimu hao.

Sekondari ilibaki ya wachache. Kwa mtoto wa kike hasa, darasa la saba lilikuwa mwisho wa safari. Ndipo mwaka 2004 ulipoanza mpango wa kupanua elimu ya sekondari, na kata zikajenga shule zao. Wazazi walichanga fedha, wakabeba mawe, mchanga na maji. Watu waliziita "yeboyebo" kwa dharau, lakini msichana aliweza sasa kusoma sekondari akirudi kulala kwao.

Ada ya shule ya msingi ilikuwa imefutwa tangu mwanzo wa 2002. Januari 2016 ikafutwa hadi kidato cha nne. Novemba 2021 serikali ikatangaza kuwa msichana aliyeacha shule kwa sababu ya mimba anaweza kurudi kusoma baada ya kujifungua.

Kazi iliyobaki ni yetu

Ada imeondoka, lakini sare, daftari na chakula havikuondoka. Ziwa nalo lina mvuto wake. Usiku wa giza dagaa wanapovuliwa kwa taa, kijana hupata fedha mkononi asubuhi, na masomo humwia machungu. Msichana naye huitwa kuanika dagaa mwaloni, Kibirizi au Katonga. Siku moja huwa wiki, wiki huwa muhula, na mwisho huwa ndoa au mimba.

Nikiwa muuguzi naongeza jambo moja. Shule hulinda pia mwili. Dawa za kichocho na minyoo hugawiwa shuleni. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, nayo huwafikia wasichana wengi shuleni. Mtoto asiyekwenda shule ni rahisi kupitwa na hayo yote.

Basi tufanye nini?

1. Hesabu siku alizokosa shule. Zikifika tatu mfululizo bila ugonjwa, nenda ukaonane na mwalimu wa darasa.

2. Hudhuria mikutano ya wazazi, na usiogope kuchaguliwa kwenye kamati ya shule. Uliza hesabu kwa heshima. Shule ni mali yetu.

3. Hakikisha binti ana taulo za kike. Umoja wa akina mama kanisani unaweza kuchangia kwa wale wasio na uwezo, bila kuuliza dini ya mtoto.

4. Usinyamaze mwanafunzi anapooshwa au kupewa mimba. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, anayefanya hivyo anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Kumaliza jambo hilo nyumbani kwa kupokea fedha ni kumuuza mtoto.

5. Binti akijifungua, msaidie kulea na umpeleke akaonane na mkuu wa shule. Aibu ya jirani hupita, lakini kukosa elimu humfuata maisha yote.

Samaki hukunjwa angali mbichi, nasi watu wa ziwani tunalijua hilo vizuri. Muhula ujao usipite hivi hivi. Kama kuna mtoto nyumbani kwako, au kwa jirani yako, aliyeacha kwenda shule, anza naye wiki hii.