KUULIZA MBELE YA KUANZA



Wazee wanasema: mwenye kuuliza njia hapotei. Mezali hii tuliijua tangu primeri, lakini wakati wa vakansi ya Pasaka iliyopita tulisahau kuifuata. Tunaandika habari hii ili wengine wasianguke pale tulipoanguka sisi.

Tulikuwa watatu, wote wa mwaka wa sita. Kila mumoja alikuwa amepewa na wazazi feza ya masomo ya trimestre ya tatu. Tukasema: mbele ya kulipa, acha feza hii izae kidogo. Tutavuka mpaka Idjwi, tutanunua sambaza mbichi kwa walobaji, tutazianika, kisha tutaziuza sokoni Bukavu. Tulifanya hesabu ndani ya daftari usiku muzima, na hesabu ilikuwa safi kabisa. Hatukuuliza mutu hata mumoja, sababu tuliogopa watatuibia akili.

Kufika kule, bei ya beseni moja ilikuwa karibu mara mbili ya ile tuliyoandika. Mama mumoja muuzaji alituangalia, akacheka: «Bana yangu, munakuya na mwezi iko mukubwa hivi? Mulimuuliza nani?»

Maana yake ni hii. Sambaza zinalobewa usiku. Mitumbwi mitatu inafungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu unashushwa, taa zinawashwa juu ya maji, na samaki wanafuata mwangaza. Lakini mwezi ukijaa, mwangaza uko kila pahali na taa haivuti tena. Siku zile walobaji wengi wanapumzika, na bei inapanda. Sasa, Pasaka inaangukia siku gani? Ni siku ya Mungu inayofuata mwezi kujaa wa kwanza tangu tarehe 21 Machi. Ni vile kila mwaka! Kalenda ile sisi tulikuwa tumeisoma darasani. Mama yule aliijua kwa mufuko wake.

Tena Aprili ni wakati wa mvua. Sambaza tulizonunua zilikosa jua siku mbili, nyingi zikaoza. Tulirudi na feza chini ya nusu. Wawili kati yetu tulisaidiwa na jamaa. Wa tatu alikaa kwao majuma matatu, na egzame ya Serikali inakaribia. Baba yake ni mulimaji; feza ile ilikuwa mbuzi wawili. Mpaka leo tunaona haya kumusalimu baba ule.

Basi, kutokana na hasara hii tumejifunza mambo matatu.

1. Uliza mwenye kufanya, si mwenye kusikia. Na usiulize tu: «Biashara hii ni nzuri?» Kila mutu atajibu ndiyo au hapana, na hautajua kitu. Uliza: «Ulianza na ngapi? Mwezi gani unarudi mikono mitupu? Neno gani ulitamani kuambiwa siku ya kwanza?»

2. Uliza hata yule aliyeanguka. Mwaka 1991, Kinshasa na miji mingine ya Zaire, watu walipeleka feza zao kwenye michezo ya pesa iliyoahidi kuzizidisha upesi. Wazee wangali wanakumbuka jina la Bindo. Watu waliuliza, ndiyo. Lakini waliuliza wale waliokuwa wamekwisha kulipwa, na hao walikuwa wanalipwa kwa feza ya waliokuja nyuma. Jibu lao halikuwa uongo, lakini lilikuwa nusu ya habari. Michezo ilipokwama, wengi walipoteza akiba ya nyumba nzima.

3. Uliza mbele moyo haujafunga. Mufalme Rehoboamu aliuliza wazee, kisha akauliza vijana wenzake. Akashika jibu lililomupendeza, na kabila kumi zikamuacha. Kama tumekwisha kuamua, tutazunguka tu kutafuta mutu wa kutuambia «Ndiyo».

Na kisha kuuliza kote, kuchagua kunabaki kazi yako mwenyewe. Mwenye kukuambia safari yake hatakubebea mizigo.

Wandugu wa mwaka wa sita, karibu tutatoka hapa. Mumoja anataka kusoma udaktari, mwingine ualimu, mwingine anawaza biashara ao ndoa. Wakubwa wetu waliotutangulia wanarudi vakansi, tunakutana nao kanisani na sokoni. Tusiwaulize tu habari ya nguo na simu zao. Tuwaulize chumba kinalipwa ngapi, masomo gani yaliwashinda, na nani alirudi nyumbani na kwa sababu gani.

Yule mama wa Idjwi angetujibu bure. Tulimuuliza kisha feza kuisha.

Mukubwa wa wanafunzi, mwaka wa sita