Televisheni Yaweza Kumfunza Mtoto Utu

Wako wazazi wengi wanaoamini kwamba televisheni ni mwizi aliyekaribishwa ndani ya nyumba. Humwibia mtoto wakati wake, humfunza kelele na ngumi, na mwisho humwacha mvivu wa kusoma. Mimi sikatai kwamba mwizi huyo yuko. Lakini leo nataka kueleza jinsi sanduku hilo hilo lilivyonitoa katika ukatili nilipokuwa mtoto, ili msomaji apime mwenyewe.

Mwaka wa 1981 nilikuwa na umri wa miaka saba. Baba alikuwa amepata nafasi ya masomo mjini Pittsburgh, Marekani, na mama na mimi tukamfuata. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, na watoto wa mtaa ule walizungumza mbio mbio hata nikawa kama bubu. Mtu pekee niliyemwelewa alikuwa ndani ya televisheni. Jina lake Fred Rogers, na kipindi chake, Mister Rogers' Neighborhood, kilitengenezwa katika mji huo huo, kwenye stesheni ya WQED. Kilikuwa kimeanza kuonyeshwa nchi nzima mwaka wa 1968.

Kila mara aliingia mlangoni, akavua koti, akavaa mojawapo ya sweta alizofumiwa na mamake, akabadilisha viatu, kisha akaongea polepole kama mtu asiye na safari. Hapakuwa na kufukuzana wala kurushiana risasi. Alikuwa na samaki aliowalisha. Mtoto mmoja asiyeona alipomwandikia kwamba huwa na wasiwasi kwa kutojua kama samaki wamekula, Rogers alianza kutamka kwa sauti kila alipowapa chakula. Mwaka wa 1969, wakati Wazungu wengi wa Marekani walikuwa bado hawataki kuoga bwawa moja na watu weusi, alimwalika François Clemmons, Mmarekani mweusi aliyeigiza kama polisi, watie miguu pamoja katika beseni moja la maji. Hakutoa hotuba yoyote. Mambo hayo mawili nilikuja kuyajua ukubwani. Lakini lipo moja nililoliona kwa macho yangu.

Siku hiyo aliletwa mvulana wa miaka kumi, Jeff Erlanger, aliyekuwa akitumia kiti cha magurudumu kinachoendeshwa kwa umeme. Rogers hakumwonea huruma wala hakugeuza uso. Alimwomba aeleze jinsi kiti kinavyofanya kazi, na mtoto akaeleza kama fundi, hata na ugonjwa wake akausimulia. Kisha wakaimba pamoja. Mama, aliyekuwa kando yangu akikunja nguo, aliniuliza: "Umeona alivyoulizwa mwenyewe?" Nikaitikia tu, nisijue maana yake.

Tulirudi nyumbani mwaka wa 1983, tukakaa Nakuru. Katika mtaa wetu alikuwapo mvulana wa rika langu asiyeweza kutembea. Babake alikuwa amemtafutia fundi akamuundia kiti chenye magurudumu ya baiskeli. Watoto walikuwa na mchezo wa kujikokota nyuma yake wakimwigiza, na mimi, kwa kuwa mgeni na nikitaka kukubaliwa, nilicheka nao. Naona haya kuandika kwamba nilicheka kwa siku nyingi.

Jioni moja nilimkuta peke yake penye kibaraza chao. Sijui kwa nini siku hiyo nilimkumbuka yule mtoto wa Pittsburgh. Nikamwuliza: "Hiki kiti chako hufunga breki vipi?"

Alinitazama kwa muda. "Waniuliza mimi, ama wataka nimwite mama?"

Swali lile lilinichoma. Kumbe kila mtu aliyetaka kujua habari zake alimwuliza mamake, naye akiwa papo hapo, masikio wazi. Alinionyesha breki, akanionyesha na mahali palipolegea. Tukaenda kutafuta waya, tukakaza. Kesho yake nilipomsukuma hadi uwanjani, wale wenzangu walinicheka mimi vilevile. Kufikia mwisho wa mwezi walikuwa wakigombania zamu ya kumsukuma. Mwaka wa 1984 wazazi wake, waliokuwa wakihofia dhihaka, walimpeleka shule. Hadi leo ni rafiki yangu.

Sidai kwamba televisheni peke yake ilifanya kazi hiyo. Mwaka wa 1973 watafiti wa Marekani, Lynette Friedrich na Aletha Stein, walichapisha matokeo ya kuwaonyesha watoto wadogo kipindi cha Rogers. Watoto hao walizidi kuwa na subira na kuikamilisha kazi waliyopewa. Katika utafiti wao wa 1975, watoto waliotazama kisha wakaongozwa kuigiza waliyoyaona walizidi kuwa tayari kusaidia. Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Picha ilionyesha, lakini neno la mama ndilo lililoikaza ndani.

Fred Rogers alifunga kipindi chake mwaka wa 2001, akafariki mwaka wa 2003. Siku hizi watoto wetu wana vipindi vyao wenyewe. Ubongo Kids cha Tanzania kilianza mwaka wa 2014 na huzungumza Kiswahili, na hapa Kenya stesheni ya watoto, Akili Kids, ilianza mwaka wa 2020. Kwa hivyo chakula kipo. Tatizo ni kwamba tunamwachia mtoto sahani tukaenda zetu.

Mzazi mwenzangu, wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Usiizime televisheni kwa hasira, wala usiifanye yaya. Leo jioni keti kando ya mwanao dakika chache, hata kama unakunja nguo, kisha umwulize alichokiona. Huenda swali lako hilo moja likamfaa mtoto wa jirani ambaye wewe hutamjua kamwe.