Kishona Nguo na Jamaa Yake wa Hatari

Mtu apitaye kando ya shamba wakati wa mavuno hufika nyumbani suruali yake ikiwa imejaa mbegu nyeusi, nyembamba, zenye kuchoma. Gugu lenye mbegu hizo limepewa majina yalifaayo: kishona nguo, na pengine kichoma mguu. Lakini kulitambua kwa mbegu peke yake ni kulitambua kwa kuchelewa, kwani mbegu zikisha kushika nguo, msafiri mwenyewe huwa mpanzi wake.

Asili ya gugu hili ni nchi za joto za Amerika. Linnaeus, bingwa wa mimea wa Uswidi, aliliandika kwa jina la Bidens pilosa mwaka wa 1753. Neno la kwanza maana yake ni lenye meno mawili, kwa ajili ya miiba iliyo katika ncha ya mbegu. Ingawa mwenye kuihesabu mara nyingi ataikuta mitatu.

Shina lake lina pembe nne. Majani hutoka mawili mawili yakielekeana, na kwa kawaida kila jani limegawanyika sehemu tatu hadi tano, zenye ukingo kama msumeno. Ua lake si ua moja: kitovu kile cha manjano ni mkusanyiko wa maua madogo sana, na kila moja laweza kuzaa mbegu. Vipande vyeupe vya pembeni pengine havipo kabisa, basi visitegemewe. Mmea mmoja huweza kutoa mbegu 3,000 hadi 6,000, na kwa hiyo yafaa ung'olewe kabla haujachanua.

Majani machanga ya kishona nguo hupikwa mboga katika sehemu nyingi za Afrika, na hapo ndipo kosa dogo huleta madhara. Liko gugu jingine la jamaa hiyo hiyo, Parthenium, ambalo baadhi ya wakulima wa Tanzania huliita gugu karoti. Likiwa changa hutandaza majani yake chini kwa duara, nayo yamechanika-chanika kama ya karoti. Likirefuka, majani hutoka moja moja shinani, hayaelekeani. Maua yake ni madogo, meupe, hayana kitovu cha manjano, wala mbegu zake hazina miiba. Kuligusa mara kwa mara huwasha ngozi, vumbi la maua yake huweza kuamsha pumu, na maziwa ya ng'ombe aliyelila huwa machungu. Asiye na hakika na atazame jani kwanza, wala asiling'oe kwa mikono mitupu.